Uteuzi wa Nyaya za Umeme katika Trela Dogo la Kambi

Utangulizi

Mdharau mwiba mguu huota tende, walinena wahenga. Miongoni mwa mafundi wanaojiundia matrela madogo ya kambi, mwiba unaodharauliwa zaidi ni waya wa umeme. Fundi wa aina hii hutumia miezi kadhaa kuchagua mbao, kuzipiga randa, kuzipaka rangi na kuziba kila ufa ili maji ya mvua yasipenye. Kisha, siku za mwisho, akiwa na hamu ya kusafiri, huchukua waya wowote uliosalia ghalani na kuupitisha nyuma ya mbao hizo. Waya ukishafunikwa hauonekani tena. Makala haya yananuia kueleza jinsi waya wa trela kama hilo unavyopaswa kuteuliwa, na kubainisha kwa nini kigezo kinachosahaulika mno, yaani urefu wa waya, ndicho chenye uzito mkubwa pale ambapo umeme unatoka katika betri ya volti 12.

Trela linalozungumziwa hapa ni lile ambalo Wamarekani hulifananisha na tone la chozi kwa sababu ya umbo lake: limeviringana upande wa mbele na kuteremka taratibu upande wa nyuma. Matrela haya yalianza kuundwa majumbani nchini Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na yakaenea zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, majarida ya ufundi yalipochapisha michoro yake ili msomaji mwenye msumeno na nyundo aweze kujiundia lake. Ukubwa wake umefuata ukubwa wa plaiwudi. Ubao mmoja wa plaiwudi huuzwa ukiwa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, yaani takriban mita 1.2 kwa mita 2.4, na trela la kawaida halizidi sana vipimo hivyo. Ndani yake watu wawili hulala bega kwa bega. Jiko liko nyuma, upande wa nje, chini ya kifuniko kinachoinuliwa kama buti la gari. Betri aghalabu huwekwa mbele, katika kisanduku kilicho juu ya mkono wa kuvutia. Hivyo basi, umeme huanza safari yake mbele, ilhali mtumiaji wake mkubwa, ambaye ni jokofu dogo, yuko nyuma kabisa. Kati ya viwili hivyo pana kitanda, na kitandani pana watu waliolala katika sanduku la mbao.

Volti 12 na Tatizo la Umbali

Neno mkondo, ambalo Kiswahili hulitumia kwa maji na kwa umeme pia, humsaidia msomaji kuona kinachotendeka ndani ya waya. Mtu anayenyunyizia bustani maji kwa mpira mrefu na mwembamba hupata maji yanayodondoka kwa unyonge mwishoni, hata kama bomba limefunguliwa lote. Volteji ni kama shinikizo la maji bombani. Mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni wingi wa maji yanayopita. Ukinzani ni ule ubishi wa mpira wenyewe dhidi ya maji. Waya ukiwa mwembamba ukinzani huzidi, na ukiwa mrefu huzidi vilevile. (Ulinganisho huu una mipaka yake: mpira ukikatwa maji humwagika, lakini waya ukikatwa umeme husimama.)

Nguvu inayotumiwa na kifaa, ambayo hupimwa kwa wati, ni zao la volteji na mkondo. Jokofu la wati 60 likitumia umeme wa nyumba za Marekani, ambao ni wa volti 120, huvuta nusu ampea. Jokofu la wati zizo hizo likitumia betri ya volti 12 huvuta ampea 5. Mkondo umeongezeka mara 10. Volteji inayopotea njiani nayo huongezeka mara 10, kwa sababu hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa ukinzani. Aidha, kiasi hicho kilichopotea sasa kinatolewa katika jumla iliyo ndogo mara 10. Kwa hiyo hasara, ikipimwa kama sehemu ya jumla, huwa imezidi mara 100. Kwa msomaji wa Kenya, ambaye umeme wa nyumbani kwake ni wa volti 240, tofauti ni mara 400.

Hapa ndipo fundi aliyezoea kutia umeme majumbani hupotoka. Katika nyumba, swali lake la kwanza ni iwapo waya utastahimili mkondo bila kupata joto la kudhuru. Akishalijibu, kazi imekwisha, maana hasara ya njiani ni ndogo mno isiyofaa kuhesabiwa. Katika trela, waya unaweza kuwa baridi kabisa ukiguswa, usiwe na hatari yoyote ya moto, na bado ukashindwa kuendesha jokofu.

Wakenya wengi waliokulia mashambani wanaijua hali hii hata kama hawakuipa jina. Katika nyumba nyingi zilizotiwa sola ya volti 12, betri iliwekwa sebuleni, na taa ya sebuleni ikawaka vizuri. Ile ya jikoni, iliyokuwa ng'ambo ya ua, ikafifia mithili ya kibatari. Lawama zilitupiwa balbu, kisha betri, kisha jua lenyewe. Mara nyingi waya uliopitishwa uani ulikuwa ule wa milimita za mraba 1.5 ambao hutumiwa kwa taa za volti 240, na ambao kwa kazi hiyo hauna ila yoyote.

Nambari Zinazokwenda Kinyume

Kabla ya kufanya hesabu ni sharti fundi aelewe jinsi nyaya zinavyopimwa. Nchini Kenya waya hutajwa kwa eneo la shaba yake: 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na kadhalika. Nambari ikipanda, shaba imeongezeka. Marekani hutumia kipimo kinachojulikana kwa ufupisho AWG, kilichotokana na kampuni ya Brown & Sharpe mnamo mwaka wa 1857, na chenyewe hukwenda kinyume: nambari ikipanda, waya hukonda. Asili ya kinyume hiki imo katika utengenezaji wa waya. Shaba huvutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa madogo, na waya uliovutwa mara nyingi zaidi ndio uliopata nambari kubwa. Kwa maneno mengine, nambari ilihesabu jasho la mtengenezaji, wala haikuwa na haja na mnunuzi. Ni mfumo wa ajabu, na kipimo cha milimita za mraba ni chepesi zaidi kwa mwanagenzi.

Kwa kawaida trela dogo huhitaji nyaya za nambari chache tu. Waya wa nambari 18 una shaba ya takriban milimita za mraba 0.82, wa 16 una 1.31; wa 14 una 2.08, wa 12 una 3.31, na wa 10 una 5.26. Msomaji ataona kwamba waya wa 2.5 unaouzwa katika maduka ya Kenya huangukia kati ya nambari 14 na 12 za Marekani. Ni vyema pia kutaja kwamba waya uliotengenezewa magari kwa mujibu wa viwango vya SAE huwa na shaba pungufu kidogo kuliko waya wa AWG wenye nambari iyo hiyo. Fundi anayefanya hesabu iliyobana sana atasalitiwa na upungufu huo.

Hesabu ya Jokofu

Ukinzani wa waya wa shaba hupatikana kwa kuzidisha 0.0172 kwa urefu wa waya katika mita, kisha kugawanya kwa eneo lake katika milimita za mraba. Jibu huwa katika omu. Urefu unaotakiwa ni wa kwenda na kurudi, kwa kuwa umeme unaotoka katika ncha moja ya betri hauna budi kurejea katika ncha ya pili. Kosa linalojirudia katika hesabu hizi ni kupima njia ya kwenda pekee, na matokeo yake ni hasara iliyo maradufu ya ile iliyotarajiwa.

Tuseme trela lina urefu wa mita 3. Waya haupiti hewani. Hushuka kutoka kisandukuni, huingia chini ya sakafu, hufuata ukuta, hupanda hadi kwenye swichi, kisha hushuka kwenye jokofu. Mita 5 za kwenda si nyingi, na za kurudi ni 5, jumla 10. Kwa waya wa nambari 18, ukinzani ni omu 0.21. Jokofu likivuta ampea 5, volti 1.05 hupotea njiani, karibu asilimia 9 ya volti 12. Kwa waya wa nambari 14 hupotea volti 0.41, na kwa ule wa nambari 12 hupotea volti 0.26, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 2.

Je, hasara ipi inavumilika? Waundaji wa boti nchini Marekani, ambao nao hutumia betri za volti 12 na hulala karibu na nyaya zao, hufuata viwango vya ABYC: hasara isizidi asilimia 3 kwa vifaa muhimu, na asilimia 10 kwa vile visivyo na uzito. Asilimia 3 ya volti 12 ni volti 0.36. Waya wa nambari 14 unashindwa kwa kiasi kidogo; ule wa nambari 12 unafaulu. Kwa hivyo jokofu la mfano huu linastahili waya wa nambari 12, hata ingawa waya wa nambari 18 usingeungua kwa ampea hizo 5.

Huenda mtu akauliza kwa nini volti moja izue mjadala mrefu namna hii. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika, huwa na takriban volti 12.6 au 12.7, ikishatumika nusu huwa na takriban 12.1. Tofauti kati ya betri iliyojaa na betri iliyotumika nusu ni kama nusu ya volti tu. Waya unaopoteza volti nzima huifanya betri nzuri ionekane mbele ya jokofu kama betri iliyokufa. Majokofu ya kisasa yenye kompresa yana kinga inayoyazima volteji ikishuka mno, na kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko ule wa kawaida, kwa hiyo hasara nayo hupanda kwa dakika hiyo. Jokofu huwaka, huzima, huwaka tena. Usiku kucha. Asubuhi nyama imeharibika na mwenye trela huenda kununua betri nyingine.

Kwa upande wa taa, hesabu imekuwa rahisi tangu taa za LED zilipochukua nafasi ya balbu za zamani za gari. Balbu moja ya aina hiyo ya zamani ilivuta takriban ampea 2. Taa ya kusomea ya LED yenye wati 3 huvuta robo ampea, na waya wa nambari 18 huitosha pasi na shaka. Waya mwembamba kuliko huo usitumiwe hata kama hesabu inauruhusu, kwa sababu hukatika upesi kwa mtikisiko wa barabara.

Kuna kifaa kimoja ambacho trela dogo lingekuwa na amani zaidi bila yacho, nacho ni inveta kubwa ya kugeuza volti 12 kuwa 120 ili mtu achemshe kahawa. Inveta inayotoa wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 83 kutoka kwa betri. Nyaya zake ni nene, ngumu kukunja na ghali, na hata hivyo hazifai kuwa ndefu. Jiko la gesi huchemsha kahawa iyo hiyo.

Fyuzi Humlinda Nani?

Watu wengi hudhani kuwa fyuzi huwekwa ili kukilinda kifaa. Dhana hii ndiyo inayoteketeza matrela. Fyuzi huulinda waya. Ncha mbili za betri ya gari zikigusanishwa kwa waya, betri inaweza kumimina mamia ya ampea kwa mara moja. Shaba hugeuka nyekundu, ngozi yake ya plastiki huyeyuka na kushika moto, na mbao kavu zilizopakwa vanishi ziko papo hapo. Volti 12 hazimrushi mtu, na kwa sababu hiyo huonekana za kitoto. Kuunguza, zinaunguza.

Kanuni ya Kitaifa ya Umeme ya Marekani, NEC, katika kifungu cha 551 kinachohusu magari ya starehe, inaweka kikomo cha fyuzi kwa kila waya wa volteji ndogo: ampea 6 kwa nambari 18, ampea 8 kwa nambari 16, ampea 15 kwa nambari 14, ampea 20 kwa nambari 12, na ampea 30 kwa nambari 10. Hivi ni vikomo vya juu. Waya mnene unaweza kulindwa kwa fyuzi ndogo. Waya mwembamba hauwezi kamwe kupewa fyuzi kubwa. Fyuzi inayokatika mara kwa mara ina ujumbe, na fundi anayeibadilisha kwa nyingine kubwa zaidi, au kuizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, huwa ameifanya nyaya zenyewe kuwa fyuzi. Zitakatika ndani ya ukuta.

Mahali pa fyuzi ni pa muhimu sawa na ukubwa wake. Ikiwekwa karibu na jokofu, mita zote 5 za waya kutoka kwenye betri hubaki bila mlinzi, na ndizo zinazopita chini ya kitanda. Viwango vya ABYC vilivyotajwa hapo awali huitaka fyuzi iwe ndani ya inchi 7, kama sentimita 18, kutoka kwenye betri. Kwa sanduku la mbao lenye watu waliolala, hicho ni kipimo cha kuigwa.

Nyuzi, Ngozi na Rangi

Waya wa nyumba za Marekani, ambao ndio husalia ghalani mwa mafundi wengi, huwa na uzi mmoja mnene wa shaba. Nyumba haitikisiki. Trela hutikisika maelfu ya mara kwa kila kilomita, na uzi mmoja ukikunjwakunjwa pahali pamoja huchoka na kuvunjika. Trela lahitaji waya wenye nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa. Fauka ya hayo, popote waya unapopenya katika chuma au ubao, tundu livishwe pete ya mpira, la sivyo ukingo wake utaisaga ngozi ya waya polepole kama panya.

Kuhusu ngozi yenyewe, waya wa bei nafuu wa magari, unaoitwa GPT, hufunikwa kwa plastiki ya PVC inayostahimili nyuzijoto 80 za selsiasi. Ule uitwao GXL umefunikwa kwa polietilini iliyoimarishwa na hustahimili nyuzijoto 125. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na urefu mfupi unaohitajika.

Udanganyifu wa sokoni nao upo. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, mwepesi na rahisi, unaopenda kuuzwa kama waya wa spika. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo hesabu zote zilizofanywa hapo juu huvunjika. Dawa yake ni kukwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, huo ni alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, usitupwe: hiyo ni shaba iliyopakwa bati kwa ajili ya boti, nayo hustahimili kutu kuliko waya mwingine wowote uliotajwa hapa.

Rangi zimewatatiza hata mafundi stadi. Katika nyumba za Marekani, waya mweusi ndio wenye umeme wa hatari. Katika magari, waya mweusi kwa kawaida ndio wa kurudi kwenye ncha hasi ya betri. Trela lenye soketi za volti 120 na betri ya volti 12 huwa na lugha mbili zinazotumia neno moja kwa maana zinazopingana. Watu wa boti waliliona tatizo hili na wakaruhusu rangi ya manjano kwa waya wa kurudi wa betri, uamuzi ambao waundaji wa matrela wangefanya vyema kuuiga. Lakini hata manjano ina kazi nyingine pale trela linapoungana na gari: katika plagi ya Kimarekani ya nyaya nne, nyeupe ni ya kurudi, kahawia ni ya taa za nyuma, manjano ni ya indiketa na breki za kushoto, na kijani ni ya zile za kulia. Kila ncha ya waya, basi, iandikwe jina lake.

Ule waya mweupe usipuuzwe. Wapo wanaouacha, wakitegemea umeme urudi kupitia chuma cha trela na kiungo cha kuvutia. Chuma hushika kutu na kiungo hupakwa grisi. Trela ambalo taa zake zote humetameta pamoja kila indiketa moja inapowashwa linalia kwa kukosa waya wa kurudi.

Waya wa Kutoka Garini

Wasafiri wengi hutaka gari liichaji betri ya trela njiani. Hapa umbali hufikia upeo wake. Kutoka betri ya gari hadi betri ya trela ni kama mita 10 za kwenda na 10 za kurudi. Kwa waya wa nambari 14 na mkondo wa ampea 10, volti 1.65 hupotea, gari linalotoa volti 14 huifikishia betri volti 12.3, pungufu ya zile za betri iliyojaa. Mkondo hupungua kadiri betri inavyojaa, na hasara hupungua nao, kwa hivyo betri haikosi kuchajika kabisa; bali huchajika polepole mno hivi kwamba safari ya saa mbili haileti tofauti. Waya wa nambari 8, wenye milimita za mraba 8.37, hupoteza volti 0.41 pekee katika hali iyo hiyo. Na kwa kuwa waya huu una betri katika kila mwisho, unahitaji fyuzi mbili, moja kila upande.

Kazi ikishakamilika, fundi achukue mita ya volti na kupima mara mbili jokofu likiwa linafanya kazi: kwanza kwenye ncha za betri, kisha kwenye ncha za jokofu. Tofauti ya vipimo hivyo ilinganishwe na ile ya hesabu. Akipata volti 0.3 badala ya 0.26, hiyo ni sehemu ya swichi na fyuzi. Akipata volti moja ilhali waya ni wa nambari 12, asiung'oe waya. Kasoro iko katika kiungo kilichobanwa vibaya, na kwa kawaida kiungo hicho hujitambulisha chenyewe kwa joto kikiguswa.